Dagaa Wasio na Mchanga

Kabla sijanunua hata kopo moja la dagaa mjini Mpanda, nilikuwa nimeshaamua kwamba wauzaji wake ni wezi. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na glasi.

Glasi yenyewe ilikuwa ya shangazi yangu, ya kuwapa wageni soda, nami niliiomba kwa ahadi kwamba ningeirudisha kabatini siku hiyohiyo. Haikurudi. Niliijaza maji, nikatia kiganja cha dagaa waliotwangwa, nikakoroga kwa kijiti, kisha nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na maji. Kilicho samaki kilichelewa, kikazunguka, kikaning'inia katikati. Kilicho mchanga kilishuka moja kwa moja na kulala chini. Niliweza kukaa hapo nikiutazama ule mchanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nakiri kwamba uliniridhisha. Mtu mwenye wasiwasi akigundua kwamba kweli anaibiwa, kwanza hupumua.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Familia yetu ilikuwa imeshuka zamani kutoka kaskazini ikiswaga ng'ombe, ikapita Tabora, ikaishia Majimoto kwenye mbuga za mpunga, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutoka, na tangu hapo nilijisomea chochote kilichoandikwa, hata maelezo ya kwenye mifuko ya mbolea. Nilipofika umri ambao wasichana wenzangu walikuwa na watoto, nilimwomba baba jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwomba: auze mtamba mmoja aninunulie kuku wa mayai, nikawafuge mjini kwa shangazi, dada yake.

Baba alikwenda malishoni na ng'ombe wake. Jioni akasema, "Ng'ombe ageuke kuku."

"Ageuke mayai, baba."

"Sawa. Mpunga ukishavunwa mwakani nitakuja mwenyewe kuangalia. Kama hao kuku wanajilisha, utabaki mjini. Kama bado wanamla ng'ombe wangu, utarudi nyumbani."

Kurudi nyumbani nilijua maana yake. Kulikuwa na watu wa kijiji cha pili waliokuwa wameanza kuja kunywa togwa kwetu bila sababu, na walipoondoka walilitazama zizi, kisha wakanitazama mimi, kwa macho yaleyale. Kwa hiyo kila yai lililotagwa katika ua wa shangazi, mtaa wa Kashaulili mjini Mpanda, halikuwa yai tu. Nililihesabu kama siku moja zaidi ya kukaa mahali ambapo hakuna mtu aliyenipimia ng'ombe.

Mitetea niliinunua kwa masista wa misheni moja nje ya mji, wakanipa na kijitabu cha ufugaji kilichokosa jalada na kurasa za mwisho. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa moyo. Ukurasa uliobadilisha maisha yangu ulikuwa wa protini. Mpaka siku ile nilidhani chakula ni chakula, kama mtoto wa mfugaji anavyodhani nyasi ni nyasi mpaka anapoona ng'ombe aliyeshiba amekonda. Kijitabu kilinieleza kwamba protini ni kama ukuta unaojengwa kwa matofali ya aina nyingi. Ikikosekana aina moja, ujenzi unasimama hapohapo, hata kama matofali mengine yamejaa uwanja mzima.

Nikaanza kuviona vyakula vyote kwa jicho hilo. Mahindi na pumba vilikuwa na matofali machache. Mashudu ya alizeti yalikuwa na mengi, ila yamepungukiwa na aina moja ambayo kuku anayetaga anaihitaji sana, tena yamejaa maganda yanayojaza tumbo bure. Mashudu ya karanga yalikuwa bora kidogo, lakini hushika ukungu, na ukungu wake unaua ini. Damu iliyokaushwa ilikuwa na protini kuliko vyote, lakini matofali yake hayalingani, na kuku wenyewe huisusa. Dagaa walikuwa juu, karibu na ukuta kamili. Wingi si ubora, kilisema kijitabu. Sentensi hiyo niliiandika kwa mkaa juu ya mlango wa banda, shangazi akaniuliza kama nimeokoka.

Lakini kijitabu nacho sikukiamini. Kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kuona dagaa wetu wala mashudu ya mashine za hapa. Nikaligawa banda kwa fito, kuku nikawaweka makundi manne, kila kundi na protini yake: alizeti, karanga, damu na dagaa. Damu niliichukua machinjioni asubuhi kwenye ndoo, nikaichemsha mpaka ikagandamana, nikaivunjavunja na kuianika juu ya bati. Inzi wa mtaa mzima walihamia kwetu.

Mpangaji wa shangazi, fundi cherehani aliyekaa chumba cha mbele, alitoka akasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Bibi Afya," akasema. Hilo ndilo jina alilonipa, kwa sababu nilikagua kila kitu. "Leo tunapika nini?"

"Chakula cha kuku."

"Wateja wangu wanauliza kama nashona nguo au nachinja."

"Waambie wanawe mikono."

"Wananawa. Wananawa halafu wanaondoka."

Shangazi alicheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza kwa nini mtu huyu anafuatilia ninachowapa kuku wangu.

Matokeo yalikuja polepole. Kundi la damu lilichezea chakula kwa midomo na kukimwaga. Kundi la karanga lilitaga vizuri mpaka nilipopata mfuko wenye chembe za kijani, nikautupa wote shimoni na kukesha na wasiwasi kwamba nimeshachelewa. Kundi la alizeti lilikula sana, likanya sana, likataga kidogo, na kuku wakaanza kunyonyoana manyoya. Wa dagaa walitaga. Hakukuwa na ubishi. Manyoya yao yalilala vizuri, upanga wa kichwani ukawa mwekundu.

Katikati ya majaribio hayo baba alinitumia gunia la mashudu ya pamba kwa lori la mpunga. Aliyaagiza kwa ndugu zake kaskazini, na kwake hakuna chakula kinachoyapita. Ng'ombe akila mashudu ya pamba, alisema, hata mkia unanenepa. Kijitabu kilionya kwamba kwa kuku yanaharibu kiini cha yai. Sikumwamini baba, sikukiamini kijitabu, basi nikawapa kuku wachache nione. Baada ya muda shangazi alivunja yai kwenye kikaango akarudi nyuma hatua moja. Kiini kilikuwa na rangi ya tope.

"Hiki ni nini, mama?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Ni pamba, shangazi."

"Mimi nimevunja yai, wewe unaniambia pamba."

Gunia likabaki pembeni limefungwa. Nilichojifunza ni kwamba chakula kinachomfaa ng'ombe si lazima kimfae kuku, na kwa sababu napenda kwenda mpaka mwisho wa kila jambo, nikaamua pia kwamba baba yangu hajui chochote kinachohusu kuku. Uamuzi huo ulinigharimu, kama nitakavyoeleza.

Basi ikabaki vita yangu na dagaa. Muuzaji wangu sokoni Kashaulili alikuwa mama mmoja mnene, mwenyeji wa huku, aliyekaa nyuma ya mafungu yake akijipepea kwa kipande cha boksi. Nilikwenda kwake na glasi mkononi.

"Umekuja na maabara yako," akasema. "Haya, tia."

Nikatia. Mchanga ukashuka. Nikamwonyesha.

"Mchanga upo, mwanangu. Dagaa wanaanikwa chini, ufukweni. Ulitaka waanikwe kitandani?"

"Napima kilo ya samaki, nalipia na mchanga."

"Kuku hawana meno. Mchanga ndio meno yao."

"Mchanga wa kusagia naokota bure nyumbani."

"Basi ondoa huu uongeze na wako," akasema, na wauzaji wa jirani wakacheka mpaka mmoja akaangusha kopo lake. Akaniongezea kiganja kimoja. Hata kiganja hicho nilikishuku: kwa nini aongeze, kama hajui kwamba ananipunja?

Mvua zilipoanza, dagaa wakaadimika. Barabara ya kutoka ziwani ikawa tope, yale malori machache yaliyopita yalileta mzigo uliooza nusu. Ndipo siku moja akashuka sokoni kijana mmoja kutoka upande wa ziwa na viroba vya dagaa ambao sijawahi kuona mfano wao. Walikuwa wakavu, wamenyooka, wana rangi ya fedha. Niliomba maji hapohapo, nikatwanga kidogo kwa jiwe, nikatia kwenye glasi. Nikainama. Nikangoja.

Chini ya glasi hakukuwa na kitu.

Nilirudia. Nikachukua kutoka kiroba cha pili, kutoka chini kabisa, maana najua juu huwekwa vizuri. Hakuna. Nikawasugua viganjani, nikawanusa, nikawavunja vichwa kuangalia ndani, nikawaweka juani kuona kama wanatoa mafuta. Kijana alinitazama kwa uvumilivu kwanza, kisha kwa wasiwasi.

"Dada, umetumwa na serikali?"

"Kwa nini hawana mchanga?"

"Sasa hilo nalo kosa?"

"Nimeuliza."

"Hawakuanikwa chini. Mvua, dada. Tumewaanika juu ya vichanja." Akachagua mmoja akaninyoshea. "Tia mdomoni mwenyewe uone. Hawa ni wa kula watu."

"Kwetu hatuli samaki."

"Kwenu wapi?"

"Ukoo wetu. Ni mwiko."

"Basi wape kuku. Wao hawana ukoo."

Nilinunua kiroba kizima. Njiani nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Bado nilikuwa na shaka, kwa sababu kitu kizuri hakinifikii bila kunidai, lakini sikupata pa kuiweka shaka yangu. Glasi ilikuwa imesema ndiyo.

Nilizivunja fito, nikaunganisha makundi, wote nikawapa dagaa wapya. Kijitabu kilisema chakula kitiwe na chumvi kidogo, nami tangu mwanzo niliipima kwa kijiko nilichokisawazisha kwa upande wa kisu, bila kuzidisha hata punje. Nikaendelea hivyohivyo.

Kisha maji yakaanza kuibwa.

Maji ya bomba yalitoka kwa msimu, na hata wakati wa mvua tulikinga bati na kujaza pipa. Shangazi alikuwa na hesabu zake za pipa, mimi nilikuwa na zangu za makopo ya kuku. Nilijaza makopo asubuhi. Kufikia saa nne yalikuwa makavu. Nilijaza tena, mchana makavu. Shangazi akafunua pipa, akanitazama.

"Mama, unafua banda?"

"Sijachota zaidi ya kawaida."

"Basi nani?"

Nilijua nani. Fundi cherehani alikuwa akinyunyizia maji nguo anapopiga pasi, na pasi alipiga kutwa. Niliweka alama ya chaki ndani ya makopo. Nilimpitia mlangoni mara kwa mara kuona kopo lake lina maji ya rangi gani, kama yana vumbi la banda. Siku moja akaacha kushona.

"Bibi Afya. Sema."

"Unachukua maji ya kuku wangu."

Akaweka mkasi chini taratibu. "Mimi? Maji yaliyonyewa na kuku? Nipigie nayo pasi shati la mwalimu mkuu?"

"Yanaisha."

"Hata mimi pesa yangu inaisha. Sijaja kukukagua wewe." Akakanyaga cherehani kwa nguvu, na kuanzia siku hiyo hakunitania tena. Kimya chake nikakihesabu kuwa ushahidi.

Wakati huohuo banda likawa bichi. Kinyesi kilikuwa maji matupu, maranda yakanuka, mayai yakapungua kila siku hata nikawa naogopa kuingiza mkono kwenye viota. Kuku mmoja akaanza kuyumba kama amelewa, akafa. Akafuata mwingine. Nilifikiri ni mdondo, lakini shingo hazikupinda na wote nilikuwa nimewachanja. Nilifikiri ni sumu. Nikafunga banda kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Mchana mmoja nilijificha jikoni, nikachungulia kupitia tundu la udongo uliobanduka, nimshike mwizi. Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuja mtu. Niliona kuku wangu tu, wamezunguka makopo, wanainama, wanainua vichwa, wanainama tena, bila kuchoka. Niliyaona hayo kwa macho yangu na bado nikawaza: huyo mwizi anajua kwamba nipo hapa.

Sikulala vizuri wakati ule. Mpunga wa Majimoto ulikuwa unavunwa. Nilijua kwa sababu malori ya magunia yalikuwa yameanza kuingia mjini.

Baba alishuka kwenye mojawapo asubuhi moja, na fimbo yake na koti lake la kaki, vumbi mpaka kwenye kope. Alimsalimia dada yake, akanywa uji, akauliza habari za mtaa. Wala hakuharakisha. Kisha akasema, "Haya, nionyeshe ng'ombe wangu."

Nilifungua kufuli. Alitazama kufuli kwanza, kisha ufunguo shingoni mwangu. Akaingia, akaegemea fimbo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu: ugonjwa, mvua, mwizi wa maji, mpangaji. Nikaanza. Baba aliinua kidole kidogo, kama anavyofanya akitaka kusikia kengele ya ng'ombe aliyepotea, nikanyamaza. Alikuwa anawatazama wanavyokunywa.

"Hawa wametoka kwenye chumvi," akasema.

"Wapi? Hawatoki humu ndani."

"Nakwambia ninachoona. Ng'ombe akitoka kulamba, anakunywa hivi. Nyie mnawapa chumvi?"

"Kijiko kimoja. Nakisawazisha kwa kisu."

"Na nini tena?"

Nikamwonyesha mahindi, pumba, chokaa. Kila kimoja alichota kidogo akaweka kwenye ncha ya ulimi, akatema pembeni. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nilikiona utoto wangu wote na sikuwahi kukifikiria. Pembezoni mwa mbuga kuna mahali ambapo udongo hutoa weupe, na ng'ombe hupakimbilia kulamba. Baba hakuwahi kuliachia kundi lilambe kabla hajainama mwenyewe, akavunja bonge, akalionja. Mara nyingine, karibu na chemchemi, aliwaacha walambe. Mara nyingine alitema, akapiga mluzi, akalipitisha kundi haraka. Siku moja kaka yangu alitaka kumwonjea. Baba akamwondoa mkono. "Ng'ombe ni wangu," alisema, "ulimi uwe wa nani?"

Tulifika kwenye kiroba cha dagaa. Baba akasimama mbali nacho kidogo. Harufu tu ilimtosha.

"Na hawa?"

"Hawa ndio wazuri kuliko vyote, baba. Hawana mchanga kabisa. Nimewapima."

"Umewapimaje?"

Nikaenda kuleta glasi. Nikatia maji, nikatia unga, nikakoroga. Tukatazama wote, baba kutoka kwake kule, shangazi nyuma yangu, mimi nimeinama kama kawaida. Chini hakukuwa na kitu. Nikamwonyesha kwa fahari, Mungu anisamehe.

Baba aliitazama ile glasi. "Na chumvi kwenye maji," akauliza, "huwa inakaa wapi?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Nilikuwa nimeona, nimenusa, nimesugua, nimevunja vichwa, nimeanika juani. Kijana wa ziwani alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba ilikuwa mvua, na dagaa asiyepata jua huokolewa kwa chumvi. Alikuwa ameninyoshea mmoja mkononi. Mtoto yeyote wa Mpanda anayekula dagaa angejua kwa kumtia mmoja mdomoni. Lakini hapa tulikuwa watu watatu wa ukoo mmoja, baba, shangazi na mimi, tumesimama kuzunguka kiroba kama watu waliofika msibani wakakuta hakuna anayemjua marehemu.

"Mwite yule fundi aonje," akasema shangazi. "Yeye hana mwiko."

"Sitamwamini," nikasema. Ilinitoka kabla sijaifikiri. Ndiyo ilivyokuwa: angesema chumvi ningedhani analipiza kisasi, angesema hakuna ningedhani ananimalizia kuku.

Baba alinigeukia. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Ng'ombe ni wako," akasema.

Kisha akatupa mgongo. Alitembea mpaka kwenye uzio wa mabua, akasimama akitazama barabara kama mtu anayengoja lori. "Mimi naangalia gari," akasema kwa sauti ya kila mtu asikie. Shangazi naye akakumbuka ana chungu jikoni.

Nilimchagua mmoja. Niliwaza bibi yangu, ambaye jina lake ninalibeba. Nikamtia mdomoni.

Chumvi ilinipiga kwanza, kali, ulimi ukajikunja wenyewe. Nikatafuna ili nihakikishe. Na hapa nitasema ambalo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani: nyuma ya chumvi ile kulikuwa na ladha nyingine, na ladha hiyo nilitaka iendelee. Nilimweka mdomoni kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji. Kisha nikatema, nikasukutua, nikatema tena kwa kelele ili asikie.

"Ni chumvi?" akauliza baba bila kugeuka.

"Ni chumvi."

"Kama ile ya karibu na chemchemi, au ile ya kupitisha?"

"Ya kupitisha."

Akaitikia kwa kichwa, bado anaangalia barabara ambayo haikuwa na gari.

Mengine yalikuwa kazi. Kijiko changu nikakiweka kando. Dagaa wale niliwaloweka kwenye beseni, nikamwaga maji, nikaloweka tena, nikawaanika juu ya bati, na kabla ya kuwatwanga niliwaonja, kila mara, nikijiambia ni kwa ajili ya kuku. Baba alikaa kwa shangazi siku kadhaa. Aliyafungua mashudu yake ya pamba, akayanusa, akasema hayajaharibika, na kwamba atayarudisha kwa wenye matumbo ya kuyapokea. Maranda yakaanza kukauka. Mayai hayakurudi haraka. Machache tu, mengine ganda laini. Mtu yeyote anayejua hesabu angeona kwamba kuku wale walikuwa bado wanamla ng'ombe wa baba, tena sehemu ya mapaja.

Kwa fundi nilikwenda na mayai kwenye sahani. Aliyageuza moja moja akiyatazama kwenye mwanga wa mlango, kama ninavyofanya mimi.

"Yana nini ndani?" akauliza.

"Yai."

"Tutaona," akasema, na akayapokea.

Kwa yule mama wa sokoni nilirudi na glasi yangu, nikanunua wale wenye mchanga. Sasa nilijua kwamba mchanga ungeweza kuchekechwa, na kwamba dagaa aliyelala mchangani juani alikuwa amekaukia jua, si chumvi. Sikumwambia kwamba yeye ndiye alikuwa na chakula bora kuliko wote niliowalinganisha. Angepandisha bei.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza baba mpaka kwenye lori, gunia la pamba begani kwa utingo. Nilisubiri neno lake. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu kwenye mfuko, kwa sababu napenda kuwa tayari kwa jambo baya kabla halijaniambia. Alipanda, akakaa juu ya magunia matupu, akafunga koti.

"Mkataba wetu ulisemaje?" akauliza.

"Mpunga ukishavunwa."

"Basi mpunga bado. Wa mama yako mdogo bado uko shambani. Ukishavunwa nitakuja kuangalia."

Akaangalia mbele. Lori lilikuwa halijawashwa. Dereva alikuwa bado chini anapiga teke matairi. Mimi ni mimi. Nilizunguka upande wa pili nikamuuliza kwa sauti ndogo kama huko Majimoto bado kuna mpunga mashambani.

"Mpunga gani, dada?" akasema. "Umekwisha zamani. Hata mabua ng'ombe wamemaliza."

Nikarudi upande wa baba, nikashika ubao wa lori mpaka likaanza kutikisika. Hakunitazama, nami sikumwambia kwamba nimeuliza. Kisha nikarudi nyumbani kuchekecha dagaa.